Chernivtsi: nyumba zilibaki, wenyeji walibadilishwa



Tangu vita ya Ukraine ianze, katika mazungumzo yetu ulizo moja linarudi kila mara: sasa ile nchi, kwa kweli, ni ya nani? Na kila mtu anashika karte ya mwaka unaompendeza. Mimi sitajibu ulizo hilo kwa siasa. Ninataka tutazame mji mmoja tu, ulio kusini-magharibi ya Ukraine, karibu kilomita 40 na mpaka wa Romania. Unaitwa Chernivtsi. Wengine kati yenu mulisikia habari za upande ule mwaka 2022, juu wanafunzi wengi wa Afrika na wa Asia waliokuwa wanasoma Ukraine walitoka nchini kupitia mpaka wa Porubne na Siret, chini kidogo ya mji huo. Walipita mbio, katika baridi, na sidhani kama kuna mtu aliyepata nafasi ya kutazama majengo. Njo majengo yale nataka tusome leo, vile mtu anasoma kitabu.

Tuanze na jina. Kwa Kiukraine ni Chernivtsi. Kwa Kijerumani Czernowitz, kwa Kiromania Cernăuți, kwa Kipolandi Czerniowce, kwa Kirusi Chernovtsy. Mukisikia watu wanaandika majina matano haya, wote wanaongea mji mmoja, lakini kila mmoja anaongea wakati wake. Fikirini mtu aliyezaliwa pale mwaka 1910 na akafa mzee mwaka 1992 bila kuhama nyumba hata siku moja. Alizaliwa Austria. Kutoka 1918 alikuwa Romania. Mwaka 1940 aliamka katika Umoja wa Kisovieti. 1941, Romania tena. 1944, Usovieti tena. Na 1991, Ukraine. Serikali mara tano zilibadilisha bendera mbele ya mlango wake, na yeye hata kiti hakusogeza.

Ule mji uliingia katika historia kupitia duane. Sichezi. Karatasi ya zamani kuliko zote inayoutaja ni ya tarehe 8 mwezi wa 10 mwaka 1408. Aliyeiandikisha ni Alexander, mkuu wa Moldavia, yule waliyemwita Mwema, na aliwapa wafanya biashara wa Lviv ruhusa ya kupita katika nchi yake, akitaja pahali watalipa ushuru. Chernivtsi ilikuwa moja ya pahali pale, kwenye kivuko cha mto Prut. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji kuelezwa sana namna gani mpaka unalisha mji. Anayefika Ruzizi saa kumi na mbili asubuhi, au kwenye Petite Barrière ya Goma, anaona mwenyewe. Mahali ambapo mzigo unasimama, mtu atauza chakula, mwingine atajenga chumba cha kulala, wa tatu atakopesha franga. Moldavia yenyewe baadaye ikawa chini ya milki ya Osmani ya Waturuki, ikilipa kodi Istanbul, na kwa muda mrefu Chernivtsi ilibaki mji mdogo.

Kisha ikaja Austria. Waturuki walikuwa wameshindwa na Warusi katika vita iliyomalizika 1774. Austria haikupigana vita ile, lakini ndiyo iliyoingiza askari na kuchukua upande wa kaskazini wa Moldavia, na mwaka 1775 Waturuki wakatia sahihi. Sehemu ile ikaitwa Bukovina. Kwanza iliunganishwa na Galicia na kutawaliwa kutoka Lviv, mpaka mwaka 1849 ilipopata kuwa jimbo lenyewe, na Chernivtsi ikawa makao makuu yake. Hapo njo mji uliota. Makao makuu yanahitaji biro, mahakama, bunge la jimbo, nyumba za wakubwa wa Leta. Jumba la meya lenye mnara wake lilikuwa limesimama tayari tangu 1847. Gari la moshi kutoka Lviv lilifika 1866, na tramu ya umeme ilianza kutembea 1897.

Sasa tupande juu ya kilima, kwenye jengo ambalo bila shaka mumeona picha yake hata kama hamukujua ni la wapi: Makao ya Maaskofu Wakuu wa Kanisa la Othodoksi wa Bukovina na Dalmatia. UNESCO iliyaandika katika urithi wa dunia mwaka 2011. Ni matofali mekundu ya kuchoma, mamia ya hatua kwa urefu, yamepangwa kuzunguka uwanja uliofunguka upande mmoja. Katikati kuna nyumba ya askofu mkuu, upande mmoja seminari na kanisa lake, upande mwingine nyumba yenye mnara wa saa. Makuba ya kanisa ni ya namna ya Bizanti. Madirisha mengine ni ya mviringo kama makanisa ya kale ya Ulaya ya magharibi, mengine yamechongoka. Juu ya ukuta kuna meno-meno kama ya ngome. Na mapaa, hapo njo mimi ninasimama kila mara: vigae vya rangi vimepangwa kwa mistari na pembe, sawa vile wanawake wa vijiji vya Bukovina wanavyofuma nguo. Mtu angeweza kusema ni mchanganyiko wa bure. Haiko hivyo. Jicho linapita kutoka kitu mpaka kitu na halichoki.

Aliyechora ni Josef Hlávka, Mcheki, na Mkatoliki, aliyejengea Waothodoksi. Kazi ilianza 1864 na kumalizika 1882, miaka 18. Askofu Yevhen Hakman, aliyeiagiza, alifika kuwa askofu mkuu kabisa mwanzoni mwa 1873 na akafa mwaka ule ule. Hakulala katika nyumba ile. Hlávka naye alianguka na ugonjwa mwaka 1869 kwa sababu ya kazi nyingi, miguu ikakufa ganzi, na kwa miaka mingi hakutembea, lakini michoro yake iliendelea kupanda juu matofali kwa matofali. Kiisha kupona, alikuja kuwa kiongozi wa kwanza wa chuo cha wataalamu wa Cheki kilichoanzishwa 1890.

Na pesa? Sisi tuliosoma historia tusitazame kuba peke yake, tuulize pia nani alilipa. Kaizari Joseph II, katika karne ya 18, alifunga monasteri nyingi za Bukovina na kuweka mashamba na misitu yao katika mfuko mmoja wa dini uliochungwa na Leta. Mfuko huo njo ulilipa. Kwa hiyo yale mapaa mazuri yalitoka katika mbao, katika nafaka, na katika mikono ya wakulima ambao majina yao hayako kwenye ukuta wowote.

Picha nyingi kwenye intaneti zinaita jengo hilo "chuo kikuu cha zamani cha 1882". Tusipokee hivyo. Chuo kikuu kilianza 1875, kikiitwa kwa jina la Kaizari Franz Joseph, na kilikuwa katika nyumba zingine za mji. Kilikuwa na fakilte tatu: teolojia ya Kiothodoksi, sheria, na filozofia. Udaktari haukuwemo. Lugha ya masomo ilikuwa Kijerumani. Ndani ya makao ya askofu mkuu chuo kikuu kiliingia 1955 tu, tena kwa amri ya Wasovieti ambao hawakumwamini Mungu. Mpaka leo wanafunzi wanafanya mitihani katika vyumba vya askofu.

Waliopita fakilte ya uchumi, kisa hiki ni chenu. Mwaka 1909 alifika pale profesa kijana wa miaka 26, Joseph Schumpeter, yule wa "uharibifu unaojenga" munayeandika katika kila memwari. Alibaki mpaka 1911, na mwaka ule kitabu chake kikubwa juu ya maendeleo ya uchumi kilitoka. Inasimuliwa kwamba mwenye kuchunga biblioteke alikuwa anakatalia wanafunzi wake vitabu, na Schumpeter, baada ya maneno makali, akapigana naye kwa upanga, akamjeruhi kidogo begani. Wanafunzi wakapata vitabu. Mimi sishauri njia hiyo, hata kama najua biblioteke fulani ambazo zingestahili.

Tushuke katikati ya mji. Kwenye uwanja wa teatro kuna teatro lenyewe, la 1905, kazi ya Fellner na Helmer, mafundi wawili wa Vienna ambao walijenga mateatro mengi ya milki ile. Ukiona moja ni kama umeona dada zake. Uwanja uliitwa Elisabethplatz, kwa heshima ya malkia Elisabeth wa Austria, mke wa Franz Joseph. Wandugu wa Lubumbashi wasishangae kama jina hilo linawagonga masikio: Elisabeth malkia wa Wabelgiji, aliyefanya mji wenu uitwe Elisabethville mwaka 1910, alikuwa binti wa kaka wa malkia yule, na jina lake alilipata kwake.

Pembeni ya teatro kunasimama Nyumba ya Wayahudi, ya 1908. Na hapa tunafika kwenye kitu kinachofanya mji ule usifanane na mingine mingi. Kila taifa lilijenga nyumba yake ya mikutano, vitabu, dansi na siasa: Wajerumani, Wapolandi, Waukraine, Waromania, Wayahudi. Nyumba tano, zote unaweza kuzipitia kwa miguu katika saa moja. Mji ulikuwa na wakaaji karibu 87,000 mwaka 1910. Wayahudi walikuwa karibu theluthi moja. Waukraine, Wapolandi, Wajerumani na Waromania waligawana sehemu iliyobaki karibu sawasawa. Hakuna aliyekuwa mwingi kushinda wote. Kwa hiyo mji ulipata kuongozwa na meya Mpolandi, meya wa asili ya Armenia, na mbele ya vita kubwa ya 1914 Wayahudi wawili kwa nyakati mbili.

Mwaka ule ule wa 1908 mji ulipokea mkutano wa kwanza wa dunia juu ya lugha ya Kiyidishi, lugha ambayo Wayahudi wengi wa mashariki ya Ulaya waliongea nyumbani na ambayo wasomi wao wengi waliidharau kama lugha ya sokoni. Waandishi wakubwa walifika. Waligombana siku kadhaa juu ya neno moja: Kiyidishi ni lugha ya taifa la Wayahudi, au ni moja ya lugha za taifa? Mwishoni waliandika "moja", kusudi wapenzi wa Kiebrania wasitoke nje wakifunga mlango kwa nguvu. Sisi tunaoandika ukurasa huu kwa Kiswahili, moja ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu, huku diploma zetu zimeandikwa zote kwa Kifaransa, ugomvi ule tunauelewa bila mkalimani.

Vitabu vya watalii vinapenda sana wakati huu. Vinaita mji "Vienna ndogo", vinasema barabara zake zilifagiliwa kwa maua. Mimi napinga nusu. Ni kweli watu waliishi pamoja, na watoto wengi waliongea lugha tatu mbele ya kumaliza shule ya msingi. Lakini tazama namna Leta ilivyowahesabu. Katika hesabu ya watu Austria iliuliza lugha ambayo mtu anatumia, na Kiyidishi hakikuwa katika orodha. Myahudi aliyeongea Kiyidishi kwao aliandikwa Mjerumani, apende asipende. Na mapatano ya 1910 juu ya bunge la jimbo yalipanga wapiga kura kwa vitabu vya taifa: wewe ni Mromania, wewe Mruthenia, wewe Mpolandi. Yalifanywa kwa nia nzuri, kusudi wasipigane kila uchaguzi. Lakini mtu akisha kuandikwa katika kitabu, kitabu kinabaki kabatini, na anayekuja nyuma atakifungua kwa nia yake mwenyewe.

Vita ya 1914 ilileta Warusi mjini mara tatu, na mara tatu wakatoka. Mwezi wa 11 mwaka 1918, milki ya Austria ikivunjika, Waukraine walishika mji kwa siku chache, kisha tarehe 11 jeshi la Romania likaingia. Mukitaka kujua serikali mpya inafikiri nini, tazameni wanasimamisha sanamu gani mbele ya jumba la meya. Wakati wa Austria ilikuwa Bikira Maria amemshika Yesu aliyekufa. Waromania waliweka, 1924, mnara wa kuunganishwa kwa nchi: ng'ombe wa pori, alama ya Moldavia, anakanyaga tai wa Austria. Wasovieti waliweka Lenin. Leo, tangu 1999, ni Taras Shevchenko, mshairi wa Ukraine. Mawe ya uwanja na jumba la nyuma ni yale yale. Mbele ya teatro vilevile: Waaustria waliweka mshairi Mjerumani Schiller, Waromania wakamhamisha kwenye uwanja wa Nyumba ya Wajerumani, na leo amesimama pale Olha Kobylianska, mwandishi wa kike wa Ukraine aliyeishi katika mji ule. Teatro pia lina jina lake.

Mpaka hapo ni sanamu zilizohamishwa. Kutoka 1940 walianza kuhamisha watu.

Mwezi wa 6 mwaka 1940 Wasovieti waliipa Romania siku chache za kutoka. Wajerumani wa Bukovina, mapatano yakifanywa kati ya Berlin na Moscow, walichukuliwa kwa makumi ya maelfu kupelekwa katika nchi ya Hitler. Mwezi wa 6 wa 1941 Wasovieti waliingiza maelfu ya watu katika mabehewa kuelekea Siberia, Wayahudi wengi wakiwa ndani. Wiki chache baadaye Romania ilirudi pamoja na Wajerumani. Siku za kwanza ziliuawa nyingi. Sinagogi kubwa, iliyoitwa Temple, iliyokuwa na kuba iliyoonekana kutoka mbali tangu 1877, ilichomwa moto.

Tarehe 11 mwezi wa 10 mwaka 1941 Wayahudi karibu 50,000 waliamriwa kuingia katika mitaa michache ya chini ya mji, siku moja tu, na geto ikafungwa. Kutoka pale treni zilikuwa zinawapeleka Transnistria, ng'ambo ya mto Dniester, kwenye njaa na tifusi. Meya alikuwa Traian Popovici, Mromania, mwanasheria. Alikwenda kwa gavana, akakataa, akagomba. Hoja aliyoshinda nayo haikuwa ya huruma, maana huruma haikuwa na soko siku zile: alisema mji utakufa bila wafundi wake, waganga wake, watu wa umeme na maji. Bucharest ikakubali wengine wabaki. Ikafanywa orodha, kazi kwa kazi, jina kwa jina, na watu karibu 20,000 wakapata karatasi ya ruhusa ya kubaki. Ndiyo, vile vitabu vya majina vinavyoweza kuua, safari ile orodha iliokoa. Lakini karibu 30,000 walienda. Na mwaka 1942 Popovici alifukuzwa kazi, karatasi alizozitia sahihi mwenyewe zikafutwa, na mwezi wa 6 maelfu ya waliozishika wakapandishwa treni nao. Popovici alikufa 1946. Israeli ilimpa heshima ya Mwenye Haki kati ya Mataifa mwaka 1969.

Katika mwezi ule wa 6 wa 1942 walichukuliwa pia baba na mama wa kijana mmoja wa miaka 21, na hawakurudi. Yeye alipelekwa kazi ya nguvu, akapona. Ni Paul Celan, mmoja wa washairi wakubwa wa karne ya 20. Aliandika maisha yake yote kwa Kijerumani: lugha aliyofundishwa na mama yake, na lugha ya waliopanga kifo cha mama yake.

Wasovieti waliporudi 1944, ukumbi mkubwa wa marumaru katika makao ya askofu uliungua mwaka ule ule. Waromania wengi walikuwa wamekimbia. Wapolandi walipelekwa Poland. Wayahudi waliopona, wengi wao waliomba kutoka. Nyumba zikabaki na sahani ndani ya kabati, na watu wapya wakaja kutoka vijiji vya karibu na pande zote za Usovieti, wakapewa vyumba. Wengi wao pia walikuwa wamepoteza kwao, sitawahukumu. Lakini hapo njo ninapata jibu langu kwa wale wa karte: ukuta hausemi mji ni wa nani. Chernivtsi haikuharibiwa sana na mabomu, ndiyo maana inapendeza kwenye picha. Kilichoharibiwa hakiingii kwenye picha.

Ingieni tu katika Nyumba ya Wayahudi, ambayo Wasovieti waliigeuza nyumba ya utamaduni. Vyuma vya ngazi vilikuwa na nyota za Daudi, zenye pembe sita. Walikata pembe ya juu na ya chini, kusudi isionekane tena nyota bali pambo tu. Leo ndani ya jengo kuna jumba la makumbusho la Wayahudi wa Bukovina.

Na ile sinagogi iliyochomwa? Wasovieti walijaribu kuibomoa kwa baruti. Kuba ikaanguka, kuta zikakataa. Wakaona afadhali kuzitumia: wakaezeka upya, wakaweka viti na pazia jeupe, na mwaka 1959 wakafungua sinema yenye jina la mwezi wa Mapinduzi, Oktoba. Wakaaji wa mji, katika kicheko chao wenyewe, waliunganisha sinema na sinagogi katika neno moja, kinagoga, na mpaka leo, kijana wa Chernivtsi akimwambia mwenzake wakutane kwenye kinagoga, wote wawili wanajua ni mlango gani.